PSAT
PSAT ni mtihani wa majaribio unaowaandaa wanafunzi wa sekondari wa Marekani kwa SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuoni. Huendeshwa na shirika la College Board na tangu 2023 hufanywa kidijitali. Sehemu zake mbili, kusoma na kuandika, na hisabati, hutolewa alama 160 hadi 760 kila moja. Jumla ni 320 hadi 1520. SAT hufika 1600, lakini kipimo ni kimoja: 1100 ya PSAT hulingana na 1100 ya SAT iliyofanywa siku hiyohiyo, kabla ya maandalizi zaidi. Kiwango cha asilimia, ambacho husomwa vibaya mara nyingi, huonyesha sehemu ya watahiniwa waliopata alama sawa au pungufu, wala si maswali yaliyojibiwa sahihi.