Piz Gloria
Piz Gloria ni mgahawa unaozunguka, uliojengwa kwenye kilele cha Schilthorn (mita 2,970) katika Alpi za Uswisi. Wageni hupandishwa kwa magari yanayoning'inia kwenye nyaya. Sakafu yenye meza huzunguka polepole, na vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau hupita dirishani kwa zamu bila mlaji kunyanyuka kitini. Kwa urefu huo maji huchemka kwenye takriban nyuzi 90 za Selsiasi, hivyo viazi huchelewa kuiva.

Umaarufu wake, tuseme kweli, umetokana na sinema kuliko mapishi: watengenezaji wa filamu ya James Bond ya 1969 walichangia gharama za kulikamilisha jengo, wakalifanya maskani ya adui. Jina lilitoka kwenye riwaya ya Ian Fleming iliyokuwa msingi wa filamu hiyo.