Giza la Redio Jukwaani: Safari ya Tamthilia ya Agatha Christie

Tarehe 30 Mei 1947, BBC ilitangaza Three Blind Mice, mchezo mfupi wa redio ambao Agatha Christie aliutunga kumwadhimisha Malkia Mary alipotimiza miaka 80. Mwaka huo huo ulionyeshwa katika televisheni. Mnamo 1952 ukapandishwa jukwaani London kwa jina The Mousetrap. Hapo palizuka tatizo la kifani. Redioni muuaji hujificha nyuma ya sauti tupu, ilhali jukwaani mwili wake u mbele ya hadhira. Christie alilitatua kwa kuzima taa: Bi. Boyle anauawa gizani, redio ikivuma ukumbini, nao watazamaji wanarejea kuwa wasikilizaji. Ni bayana, basi, kwamba jukwaa halikuishinda redio. Liliazima siri yake.