Mtihani wa fizikia: namna ya kuuliza ili mwanafunzi afikiri

"Jiwe limefungwa kwenye uzi wa mita 1. Tafuta muda wa kwenda na kurudi mara moja." Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni anachukua formula, anaweka namba, anapata sekunde 2. Pointi zote! Lakini ameonyesha kama anajua kufanya sayansi? Bado.

Jambo hili limeshughulisha sana walimu wa Marekani. Mwaka 2012, Baraza la Taifa la Utafiti la kule lilitaja matendo 8 ya kisayansi ya kufundisha mashuleni. Kati yake kuko kuchambua vipimo na kutoa hoja kwa ushahidi. Mwaka 2016, watafiti wa Michigan State University wakaleta hayo chuoni kwa chombo kinachoitwa 3D-LAP. Hapo hapimwi mwanafunzi, linapimwa swali la mwalimu mwenyewe.

Turudie lile jiwe. Wanafunzi wawili wamehesabu safari 10 za kwenda na kurudi, mara mbili kwa kila jiwe. Jiwe la gramu 50: sekunde 20,1 na 19,8. Jiwe la gramu 200: 20,3 na 20,0. Mmoja anasema: "Jiwe zito linakawia." Je, vipimo hivi vinatosha kuonyesha hivyo? Eleza kwa nini.

Sasa formula tu haitoshi. Vipimo vya jiwe moja vyenyewe vinapishana kwa sekunde 0,3, na wastani wa mawe mawili unapishana kwa 0,2 tu. Basi dai lile halina nguvu.

Yale maneno "eleza kwa nini" si pambo. Ukiyaondoa, mtu atabahatisha "hapana" na kupata pointi sawa na yule aliyefikiri. Ndiyo maana 3D-LAP inataka swali la hoja liombe pia sababu inayounganisha ushahidi na dai.

Shida kubwa ni kusahihisha, zaidi kama wanafunzi ni mia tatu na mwalimu ni mmoja. Natasha Holmes, Carl Wieman na wenzao walipotengeneza mtihani wa PLIC, walikusanya kwanza majibu ambayo wanafunzi waliandika wenyewe, kisha wakayageuza kuwa machaguo. Mwalimu anayesahihisha kwa kalamu apange pointi mbele ya mtihani: "hapana" peke yake, pointi 1; kulinganisha ile 0,2 na ile 0,3, pointi 3; kupendekeza vipimo vingine zaidi, pointi 1.