Babu, mzee, kaka na mimi: nani alikuwa na mali akiwa na miaka thelathini?

Najua nimepotea hapa karibu wiki tatu. Tesiti zilikuwa zinafuatana kama mabehewa, na boom lilichelewa, kwa hiyo hata hela ya bando ilikuwa ya mawazo. Leo ni Jumapili, mwenzangu wa chumbani kaenda kanisani, chumba kimetulia, na mie nina jambo linanikera tangu nilipotoka likizo Mpanda. Ngoja nilitue hapa.

Mzee anataka jibu. Tuna eka sita kule Magamba, alizoacha babu. Kapatikana mtu wa kununua, bei siyo mbaya. Kaka anataka ziuzwe. Dada hataki. Mie ndiye kitinda mimba, nasomea ualimu wa historia na Kiswahili, na mzee kaniambia kwa sauti ile yake ya ubaoni: "Wewe si unasoma historia? Basi tuambie." Jamani! Kumbe shahada yangu ina kazi hata kabla sijaipata.

Basi nikafanya nilichofundishwa, yaani kulinganisha. Wenzetu Marekani wana mtindo wa kupima mali halisi ya mtu: unajumlisha vyote alivyonavyo, nyumba, gari, akiba, halafu unatoa anachodaiwa. Kinachobaki ndiyo yeye. Mwaka 2018 wachumi wa benki kuu yao walitoa utafiti wakaonyesha kwamba kizazi kilichozaliwa kuanzia 1981 kilikuwa na kipato kidogo na mali kidogo kuliko vizazi vilivyotangulia vilipokuwa na umri uleule. Halafu hesabu ya 2022 ikaja na sura nyingine kidogo: kaya ya katikati kati ya zile zinazoongozwa na watu wa chini ya miaka 35 ilikuwa na dola 39,000, zaidi ya mara mbili ya ile ya 2019. Sasa kwetu Mpanda nani anakuja kuhesabu? Sisi tunahesabu kwa bati. Ukipita mtaani unaangalia paa, unajua. Nikaona nijaribu kwa familia yangu, kila mtu nimweke kwenye miaka thelathini.

Babu alizaliwa 1938, kwa hiyo thelathini aliifikisha 1968. Alikuwa amefuata mgodi. Wengi hamjui kwamba Mpanda kama mji imezaliwa na risasi, siyo ya bunduki, namaanisha madini ya risasi, pamoja na fedha na dhahabu kidogo. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba pale Mukwamba, na ile reli ya kutoka Kaliua, kama kilomita 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kutoa mzigo huo. Treni tunayoipanda leo na magunia yetu ya mpunga ilikuja kuchukua mawe. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Babu alikuwa na miaka 22, mshahara ukakatika siku moja. Wenzake wengi wakarudi Tabora na Kigoma, yeye akabaki.

Akafanya nini? Akaingia Magamba na shoka. Msitu wa miombo, hakuna wa kumuuliza zaidi ya mzee wa eneo, aliyepewa kuku na shukrani. Hizo ndizo eka sita. Mwaka 1968 babu alikuwa na shamba, nyumba ya udongo, baiskeli, sanduku la bati, na deni la mbuzi wawili wa mahari ambalo bibi alikuwa akilitania mpaka anafariki. Toa mbuzi wawili, babu yupo juu.

Nikajiuliza, na wasomi wa umri wake je? Hapa historia inanoga. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, maana walitakiwa kutumikia miaka miwili, na kwa miezi 18 kati ya hiyo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akasema hata mshahara wake mwenyewe ni mkubwa mno, akaukata kwa asilimia 20, na wale vijana zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa, asiwe na mishahara miwili. Mwaka 1971 serikali ikachukua majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Yaani msomi wa rika la babu aliyepata cheo alikula vizuri kuliko babu, alivaa vizuri, lakini mlango wa kujilimbikizia ulikuwa umefungwa kwa komeo. Babu na shoka lake hakuwa mbali naye sana. Mie nikiwa lekcha huwa nawasikia wenzangu wanacheka siasa zile, sawa, zilikuwa na madhara yake, Operesheni Vijiji nayo haikuwa lelemama. Lakini pengo kati ya marafiki wawili waliosoma darasa moja lilikuwa dogo, hilo halina ubishi.

Kosa la babu lilikuwa moja: aliuza mavuno akaweka hela Posta. Kijitabu tunacho mpaka leo. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa chini ya shilingi 20, kufikia mwisho wa 1992 imepita 300. Hela ya kununua ng'ombe ikawa hela ya kununua chumvi. Shamba halikupungua hata hatua moja.

Mzee mwenyewe alizaliwa 1962, akaajiriwa ualimu wa msingi 1984. Thelathini yake ni 1992, wakati huo mshahara wa mwalimu ukipita mikononi kama maji ya mtungi uliotoboka. Ila alikuwa na vitu viwili ambavyo sisi hatuna. Kwanza, chuo cha ualimu alisoma bure, alitoka hana deni la mtu. Pili, kiwanja Nsemulwa alikipata kwa bei ya kutupa kwa sababu Mpanda ilikuwa ni mwisho wa reli, hakuna lami kutoka upande wowote, nani akigombanie? Alichoma matofali mwenyewe, nyumba ikapanda kidogokidogo miaka kumi na moja. Anasema hakuwahi kukopa benki, hata hakujua kama mwalimu anakopesheka. Nikamwambia baba, hiyo ndiyo bahati yako. Akanitazama kama nimemtukana.

Alistaafu 2022, mwaka uleule ambao kikokotoo kipya kilianza kutumika kuanzia Julai: asilimia 33 kwa mkupuo na inayobaki kama pensheni ya kila mwezi, wakati watumishi wa serikali walizoea 50. Mnakumbuka kelele za 2018 mpaka Rais Magufuli akasitisha ile ya 25. Bajeti ya 2024/25 ilipandisha mkupuo wa watumishi hao hadi 40. Mzee hasemi sana. Alichokuwa amepanga ni trekta dogo, alichopata ni bati jipya na pikipiki.

Sasa twende kwa kaka. Huyu ndiye wa kizazi kinachosemwa duniani kote, kazaliwa 1989, thelathini yake 2019. Digrii anayo, ajira serikalini kapata 2014, mwalimu wa sekondari. Mtaani wanamwita "afisa". Nilipokuwa mdogo nilikuwa najivunia mpaka natembea upande.

Likizo hii alinionyesha salari slipu yake. Wadau, nilikaa kimya. Unajua Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004 ikaanza kazi Julai 2005, kwa hiyo rika la kaka ndilo la kwanza kusoma kwa mkopo kwa wingi namna ile. Alipoanza kukatwa, makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara. Sheria ikabadilishwa 2016 yakawa 15. Juu yake kulikuwa na asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya deni, hivyo unalipa na deni linakutazama tu. Ile 6 ilifutwa 2021, tushukuru. Ila kabla haijafutwa kaka alikuwa ameshaziba pengo kwa mkopo wa benki, na pengo la benki kwa hawa jamaa wa mtaani, kausha damu. Mwaka 2019 kaka alikuwa na kiwanja ambacho hakijapimwa, godoro, runinga, na madeni. Nilijumlisha mara tatu. Mwenye digrii alikuwa chini ya sifuri, na babu mwenye mbuzi wawili wa deni alikuwa juu.

Lakini subiri, siyo rika lote. Aliyekaa naye dawati moja darasa la saba, 2003, hakufaulu. Akaenda machimbo ya Dirifu. Mwaka 2001 wakia moja ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 300, 2011 ikapita 1,800, 2020 ikavuka 2,000. Jamaa leo ana nyumba tatu na mashine ya kusaga mawe. Kaka akikutana naye anaitwa "mwalimu" kwa heshima zote, halafu bili analipa yule mwingine. Sitaki mtu aache shule kwa ajili ya mfano huu, maana wa darasa hilohilo waliokwenda naye walikuwa watano. Mmoja duara lilimfukia. Wawili wapo, hawana hata baiskeli. Tunayemwona ni yule aliyetoka na kitu.

Kuna mwingine, wa Katumba. Wazazi wake waliingia kutoka Burundi 1972, wakapewa ardhi, wakaifanya ikawa inalisha Mpanda nzima kwa mahindi na maharage. Yeye kazaliwa hapahapa. Mwaka 2007 waliambiwa wachague, kurudi Burundi au uraia wa Tanzania. Mwaka 2010 watu kama 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa uraia. Sharti lilikuwa wahamie mikoa mingine, na vyeti vyenyewe vilianza kutolewa 2014, baada ya mpango wa kuwahamisha kuachwa. Hebu fikiria wewe una miaka 21 mpaka 25, umri wa kufyatua matofali, na hujui kama mwakani utakuwa hapo au mkoa gani. Utajenga? Hakujenga mtu. Ukilinganisha nyumba za vijana wa Katumba na za wenzao wa mjini ukasema ni wavivu, umekosa miaka saba ya hesabu.

Na dada. Kazaliwa 1992, kaishia kidato cha nne, analima mpunga Mwamkulu kwa kukodi na yupo kwenye kikoba cha wanawake ishirini. Hadaiwi. Ana ng'ombe wanne na akiba. Kwenye familia yetu, ukitumia kipimo cha Wamarekani, tajiri wa rika ni yeye, na kwenye kikao cha shamba alikaa jikoni mpaka nikamfuata. Wajomba wakaguna. Nikawaambia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na ya mwanaume. Mjomba mmoja akasema kumbe ndiyo mnayofundishwa huko. Ndiyo, mjomba.

Dada aliongea mara moja tu. Akasema: "Baba, ukiuza, mimi hizo eka nitazikodi kwa nani?"

Hapo ndipo nilipoona hesabu yangu ilikosa kitu. Nilikuwa napima watu, sikupima ardhi. Babu alipata eka sita kwa kuku. Mwaka 1998 Hifadhi ya Katavi ilipanuliwa hadi kilomita za mraba 4,471. Mwaka 2012 Katavi ikakatwa kutoka Rukwa ikawa mkoa, Mpanda ikawa makao makuu, viwanja vikapimwa. Sensa ya 2012 ilikuta watu 564,604, ya 2022 ikakuta 1,152,958. Mara mbili ndani ya miaka kumi! Wafugaji wameingia, lami ya Tabora imefika. Hakuna tena msitu wa kuingia na shoka, ukiingia unakutana na askari wa wanyamapori. Kaka hakuzembea kuliko babu. Alikuta mlango umefungwa, na badala ya shoka alipewa fomu ya mkopo.

Na mie? Nina miaka 22, deni langu limeshapita milioni 8, mali yangu ni simu, begi na desa za watu. Nikifika thelathini itakuwa 2033. Ajira sijui, wenzetu waliomaliza toka 2015 wengine bado wapo mtaani.

Jana usiku nilimpigia mzee. Nilimwambia shikamoo baba, jibu langu ni kwamba shamba lisiuzwe, likodishwe kwa dada kwa bei ya haki kwa maandishi, na kodi ya misimu mitatu ya kwanza iende kwenye lile deni baya la kaka, lile la mtaani. La Bodi liendelee kukatwa kwenye mshahara. Akanyamaza. Nikadhani salio limekwisha. Halafu akauliza, "Na kaka yako umemwambia?"

Sijamwambia. Ndiyo maana naandika hapa tangu asubuhi badala ya kupiga simu. Yeye ndiye aliyenilipia nauli ya treni nilipokuja mwaka wa kwanza, kutoka kwenye mshahara ule ule niliouona kwenye slipu. Saa nane kikao chao cha walimu kitakuwa kimekwisha. Nitampigia.