Uzalishaji wa chembe katika migongano ya viini vizito

Viini vya madini ya risasi au dhahabu vinapogonganishwa vikiwa na mwendo unaokaribia ule wa nuru, sehemu ya nishati yao hugeuka kuwa maelfu ya chembe ambazo hazikuwepo kabla. Modeli za uzalishaji wa chembe hujaribu kueleza ni chembe zipi huzaliwa, kwa wingi gani na kwa njia gani. Fani hii ilianza kwenye karatasi katika miaka ya 1950. Vipimo vyake bora vimetoka kwenye vichapuzi viwili. Kimoja ni RHIC cha maabara ya Brookhaven, jimboni New York, kilichoanza kugonganisha dhahabu mwaka 2000. Kingine ni LHC cha CERN, pete ya kilomita 27 iliyo chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, kilichogonganisha risasi kwa mara ya kwanza Novemba 2010.

Nadharia inayotawala tukio hili inajulikana: ni kromodinamiki ya kwanta, inayoeleza jinsi kwaki zinavyoshikana kwa gluoni. Kikwazo ni kwamba milinganyo yake haitatuliki hatua kwa hatua kwa mgongano mzima, tangu viini vinapokutana hadi chembe zinapofika kwenye vitambuzi. Kwa sababu hiyo modeli hupangwa kwa zamu, kila moja ikishika sehemu yake ya tukio na kuikabidhi inayofuata.

Zamu ya kwanza ni ya jiometri. Viini viwili vinaweza kugongana uso kwa uso au kukwaruzana ukingoni tu, na tofauti hiyo huamua karibu kila kitu kinachofuata. Njia inayotumika ina jina la Mmarekani Roy Glauber. Kiini cha risasi kina nukleoni 208, yaani protoni 82 na nyutroni 126. Kompyuta huzitawanya kwa bahati nasibu ndani ya tufe lenye nusukipenyo cha femtomita 6.6 hivi (femtomita ni sehemu ya bilioni moja ya mikromita), tufe ambalo ukingo wake hufifia badala ya kukatika ghafla. Kiini cha pili hujengwa vivyo hivyo, kisha kimoja hulazwa juu ya kingine. Kwa nishati za LHC, nukleoni mbili huhesabiwa kuwa zimegongana endapo umbali wa pembeni kati ya vitovu vyake haufiki femtomita 1.5. Zoezi hilo hurudiwa mara nyingi mno. Katika asilimia 5 ya migongano iliyo ya uso kwa uso zaidi, nukleoni 383 kati ya 416 hushiriki kwa wastani, na migongano ya jozi hupita 1,600. Kwa jinsi njia hii ilivyo nyepesi, inashangaza kuona inavyokaribiana na vipimo.

Mwaka 2010, kwa nishati ya teraelektronivolti 2.76 kwa kila jozi ya nukleoni, jaribio la ALICE la LHC lilihesabu takriban chembe 1,600 zenye chaji kwa kizio kimoja cha sudorapiditi, kipimo cha logarithimu cha pembe ambayo chembe hutokea. Baadhi ya ubashiri uliochapishwa kabla ulikuwa chini ya hapo. Hesabu hiyo ilionyesha pia kwamba kila jozi ya washiriki huzaa chembe karibu maradufu katika migongano ya uso kwa uso kuliko katika ile ya ukingoni. Kwa hiyo kiini kizito hakiwezi kuchukuliwa kuwa rundo la protoni zinazogongana kila moja kivyake.

Wazo la kutumia takwimu mahali pa kufuatilia kila chembe lilitolewa na Enrico Fermi mwaka 1950. Alidhani kwamba nishati yote humwagika ndani ya ujazo mdogo, na chembe hugawana nishati hiyo kwa kadiri ya nafasi zilizopo. Mwaka uliofuata Isaak Pomeranchuk alionyesha palipopungua: chembe zikiwa zimebanana namna hiyo haziwezi kuachana papo hapo, bali huendelea kugongana hadi mfumo utanuke. Lev Landau akaichukua hoja hiyo mwaka 1953 na kulishughulikia tone hilo kama kimiminika kinachotanuka. Kisha mwaka 1965 Rolf Hagedorn, akiwa CERN, aligundua kwamba kwa kuwa aina za hadroni (chembe zilizoundwa kwa kwaki, kama protoni) huongezeka kwa kasi kubwa kadiri masi inavyopanda, gesi ya hadroni ina kikomo cha jotoridi, kama megaelektronivolti 160. Ukiongeza nishati, hupati joto zaidi, unapata chembe zaidi. Leo kikomo hicho kinasomwa kuwa dalili ya mpaka ambapo hadroni huyeyuka na kuwa plazma ya kwaki na gluoni.

Modeli ya joto inayotumika sasa imetokana na ukoo huo, na ina vigezo vitatu tu vikuu: jotoridi, ujazo, na kigezo kinachopima kiasi ambacho maada huizidi maada kinyume. Hesabu ya msingi inaweza kufanywa kwa mkono. Gawanya nishati ya masi ya chembe kwa jotoridi, kisha pandisha e kwa hasi ya jibu. Protoni ina megaelektronivolti 938. Ukigawanya kwa 156.5 unapata karibu 6, na e kwa kipeo cha hasi 6 ni kama moja kwa 400. Ndiyo kusema kila nukleoni inayoongezwa kwenye kiini chepesi inapaswa kukifanya kiwe adimu kwa mara mia kadhaa. Vipimo vya ALICE kwenye migongano ya risasi vinatoa takriban mara 300, na pengo hilo huzibwa na vipengele vidogo vya hesabu kama mzunguko wa ndani wa chembe. Kazi ngumu iko kwingine: modeli lazima iingize orodha ya mamia ya aina za hadroni, kwa kuwa sehemu kubwa ya pioni zinazopimwa ni watoto wa chembe nzito zilizovunjika.

Uchambuzi wa data za LHC uliochapishwa mwaka 2018 na Anton Andronic, Peter Braun-Munzinger, Krzysztof Redlich na Johanna Stachel ulipata jotoridi la megaelektronivolti 156.5, sawa na kelvini trilioni 1.8, zaidi ya mara 100,000 ya kitovu cha Jua. Maada na maada kinyume zilitoka sawasawa. Hesabu za kompyuta kuu zinazoanza moja kwa moja kwenye kromodinamiki ya kwanta zinaweka mpaka wa plazma na hadroni papo hapo. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi wenye uzito kuliko wote katika fani hii: njia mbili zisizoazimana kitu zimefika kwenye namba moja.

Lakini kufaulu huko kumeleta fumbo. Hesabu ileile inabashiri vizuri wingi wa deuteroni, yaani kiini cha protoni moja na nyutroni moja, inayoshikiliwa kwa megaelektronivolti 2.2 tu, na hata haipatritoni, ambamo chembe ya lambda inaning'inia kwa nguvu ndogo kuliko hiyo mara nyingi. Kuzikuta zikiwa nzima kwenye joto hilo ni kama kukuta donge la barafu ndani ya tanuru. Wapo wanaosema huzaliwa pamoja na hadroni nyingine zikiwa vifundo vya kwaki, na hupata umbo lake baadaye. Wengine wanasema protoni na nyutroni hukutana mwishoni kabisa, zinapokuwa karibu kwa nafasi na kwa mwendo. Njia hizi mbili hukaribiana mno katika migongano mikubwa ya risasi, ila kwa haipatritoni katika mifumo midogo huachana, na huko ndiko hukumu inakotafutwa.

Kati ya jiometri na hesabu ya joto kuna mtiririko, unaofuatwa kwa milinganyo ya vimiminika yenye mnato mdogo sana. Programu nyingine, kama HIJING ya mwaka 1991, huanza na nyuzi za nguvu zinazovutwa kati ya kwaki hadi zikatike na kuzaa jozi mpya. Programu za usafirishaji, kama UrQMD, hufuatilia hadroni moja moja hadi zinapoacha kugongana.

Chembe zenye kwaki ngeni, aina ya kwaki isiyomo katika maada ya kawaida, zina hadithi yake. Johann Rafelski na Berndt Müller walieleza mwaka 1982 kwamba plazma ingezizalisha kwa wingi kupitia gluoni, na wingi huo ulionekana kweli katika viini vizito. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa alama ya migongano mikubwa pekee. Mwaka 2017 ALICE ilionyesha kwamba hata protoni mbili zinapogongana, sehemu ya chembe ngeni hupanda taratibu kadiri chembe zote zinavyozidi, hadi kukaribia kiwango cha risasi. Modeli za nyuzi za kawaida hazikulitarajia hilo, na modeli ya joto inalieleza kwa kubana uhifadhi wa ugeni ndani ya ujazo mdogo, bila kusema ni nini kinachofanya kitu kidogo kiasi hicho kifikie mizania.

Ili kuziba pengo kati ya protoni na risasi, LHC iligonganisha viini vya oksijeni, kisha vya neoni, mwezi Julai 2025. Oksijeni ina nukleoni 16, na idadi ya chembe inazozaa inaangukia katika ukanda ambamo modeli za nyuzi, za mtiririko na za joto hutoa majibu tofauti kwa data ileile.