Usafishaji wa maji ya kunywa majumbani (Marekani)

Utaratibu wa kisheria unaoruhusu mifumo midogo ya maji kufunga vichujio katika nyumba za wateja badala ya kujenga mtambo mmoja wa pamoja. Uliingizwa mwaka 1996 katika Sheria ya Maji Salama ya Kunywa ya 1974. Mfumo mdogo ni ule unaohudumia watu wasiozidi 10,000.

Sharti lake kuu ni la haki kabisa: kifaa, hata kikifungwa chini ya sinki la mteja, lazima kimilikiwe, kisimamiwe na kutunzwa na mtoa huduma ya maji au mkandarasi wake. Mzigo huo hauwezi kutupiwa mwenye nyumba. Kifaa kiwe pia na njia ya kumwonya mtumiaji kikiharibika.

Utaratibu huu ulipata uzito mwaka 2001, kiwango cha juu cha arseniki kiliposhushwa kutoka mikrogramu 50 hadi 10 kwa lita, kwani jumuiya ndogo zinazotegemea visima hazimudu gharama za mtambo. Kichujio cha bomba moja hakiruhusiwi dhidi ya vijidudu vya maradhi, maana mabomba mengine ya nyumba hubaki bila kinga.