Walimu wa Magila na minyororo ya Tabora

Ukitaja Vita Kuu ya Kwanza mjini Tanga, utaletewa habari ya nyuki. Novemba 1914 jeshi la Mwingereza, lililojaa askari kutoka India, lilishuka pwani likapigwa na Wadachi, yaani Wajerumani, wa kamanda von Lettow-Vorbeck, na nyuki nao wakashiriki. Nyuki wamepata sifa zao za kutosha. Kuna watu wa Bonde, mwendo mfupi tu kutoka hapo, ambao vita hivyohivyo viliwapeleka Tabora wakiwa wafungwa, na hao hawasimuliwi sana.

Magila, karibu na Muheza, ilikuwa kituo cha misheni ya Kianglikana ya UMCA. Padre Alington alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1860, baada ya kuomba ruhusa kwa watawala Wakilindi wa Vuga. Muda si muda Wabondei wakawaasi Wakilindi hao katika vita vya Kiva, na kazi ikasuasua hadi Padre Farler alipokuja mwaka 1875 na kuweka mizizi. Wamisionari wakapaita Msalabani. Vijana hodari walivushwa bahari kwenda chuo cha Kiungani, Unguja, wakarudi wakiwa walimu, mashemasi na mapadre.

Njia hiyo ya Unguja ndiyo iliyowaponza. Tangu 1890 Unguja ilikuwa chini ya Mwingereza, na Bonde ilikuwa chini ya Mdachi. Vita vilipozuka mwaka 1914, mwalimu wa Magila alikuwa mtu aliyesoma upande wa adui, tena pengine ajua Kiingereza. Kwa ofisa wa Kijerumani mwenye hofu ya wapelelezi, hayo yalitosha. Wamisionari Waingereza waliwekwa kizuizini, hatimaye wakapelekwa Tabora. Baadhi ya walimu na mapadre Waafrika walifuatia, na kwao palikuwa na minyororo na viboko.

Mmojawapo wa wafungwa wa Tabora alikuwa Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891 na kusoma Kiungani. Baadaye aliandika maisha yake mwenyewe, na maandishi hayo yakatoka mwaka 1936. Tuna bahati kwamba aliandika. Wenzake wengi hawakuacha hata ukurasa.

Huku nyuma, Wakristo wa Bonde walibaki bila Waingereza wao na bila mapadre waliofungwa. Tuwe wakweli kuhusu maana yake. Katika Kanisa la Kianglikana mwalimu hawezi kuadhimisha misa. Anaweza kusoma sala za asubuhi na jioni, kufundisha wanaotaka ubatizo, kuzika wafu. Basi imani iliegemea hapo: Biblia ya Kiswahili, ambayo Askofu Steere wa UMCA alikuwa ameanza kuitafsiri, na mtu wa kijijini wa kuisoma kwa sauti. Kumtegemea Mungu, kwa watu hawa, kulikuwa kazi ya kila siku, huku serikali ikikutilia shaka na jeshi likikutafutia mzigo wa kubeba.

Julai 1916 Waingereza waliingia Tanga. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliiteka Tabora, na wafungwa wakafunguliwa. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye mwenyewe aliongoza wapagazi vitani, alichapisha mwaka 1918 kijitabu kikali kuwashutumu Wajerumani. Kisomwe kwa tahadhari, kwa kuwa kilitaka pia koloni lisirudi mikononi mwao. Lakini mtu huyo hakuwa kibaraka: mwaka 1920 aliwageukia Waingereza wenzake kwa kuwafanyisha Waafrika kazi za shuruti. Alifariki Hegongo, jirani na Magila, Novemba 2, 1924.

Milimani Usambara zamu iligeuka. Wamisionari wa Kilutheri wa Bethel, waliokuwa Mlalo tangu 1891, walifukuzwa na Mwingereza mwaka 1920 kwa sababu walikuwa Wajerumani, na Washambaa wakaachiwa makanisa. Wazungu walipofungana na kufukuzana, Mwafrika ndiye aliyebaki kulea kanisa, Bonde na Usambara pia. Vitabu vingi vya misheni bado vinampa nafasi ya msaidizi.

Kayamba aliajiriwa na serikali mpya Tanga, na mwaka 1922 akaanzisha huko chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Majina ya wenzake wa minyororo yako wapi? Kama babu au bibi yenu wa Bonde au Usambara alikuwa mwalimu wa misheni miaka hiyo, waulizeni wazee waliobaki, fungueni madaftari ya ubatizo na ya maziko ya parokia zenu, mkaandike.